Kabla hujamfadhili mtoto wa Nepal

Mpendwa Rehema,

Salaam nyingi kwako na kwa wote nyumbani. Umeniuliza kama umfadhili yule mtoto wa Kathmandu uliyetumiwa picha yake. Nitakujibu kwa kirefu kidogo, maana pesa hiyo yaweza kumfungulia njia au kumzibia.

Kwanza ujue kwamba watoto wengi wanaolelewa katika makao ya watoto ya Nepal si yatima. Mama yupo, au baba, au wote wawili. Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1996 hadi 2006, madalali walipanda mpaka Humla na wilaya nyingine za Karnali, eneo la milimani, wakawaahidi wazazi shule nzuri mjini, wakapokea malipo na kuondoka na watoto. Huko mjini kuna waliobadilishwa majina na kuandikiwa hati kwamba wazazi wamekufa. Hata leo makao mengi yamejazana Kathmandu, Lalitpur, Bhaktapur, Kaski na Chitwan, wanakopita watalii, si kule milimani watoto wanakotoka. Mfadhili hulipa kwa kichwa, kwa hiyo mtoto akirejea kwao pesa hukatika. Makao ya namna hiyo hayana haraka ya kuwatafuta wazazi.

Ubaya wake huonekana mtoto akitimiza miaka 16, umri wa kuomba cheti cha uraia. Mzazi au ndugu wa karibu huenda naye ofisi ya kata akiwa na cheti chake mwenyewe cha uraia, wakapewa barua ya utambulisho, kisha wakaipeleka kwa mkuu wa wilaya pamoja na cheti cha kuzaliwa. Sasa huyu aliyeandikwa yatima kwa jina la kubuni atasindikizwa na nani? Bila cheti hicho hapati pasipoti, benki inamkatalia akaunti, na shamba la baba yake haliandikwi jina lake. Tena usajili wa SEE, mtihani wa darasa la 10, huanzia darasa la 9. Jina likiingia na kosa hapo, litamfuata kwenye kila cheti cha shule, na kulirekebisha baadaye ni kuzunguka maofisini miezi na miezi. Marekebisho yafanyike kabla ya darasa hilo.

Kuna na lugha. Mtoto wa Humla ya juu akiletwa mjini angali mdogo, anakua na Kinepali na Kiingereza, na lahaja ya Kitibeti ya kwao inapotea. Siku akikutana na mama yake wanahitaji mkalimani. Kulima shayiri hajui, na mjini hana mjomba wa kumshika mkono. Ufadhili ukikoma akiwa na miaka 18, anaanzia patupu.

Wapo wanaofanya vizuri. Tibetan Children's Villages ya Dharamsala, India, ilianza 1960 na watoto 51 wa wakimbizi wa Tibet waliokuwa wakijenga barabara milimani. Kila nyumba ina mama mlezi, madarasa ya chini yanafundishwa kwa Kitibeti, na wengi waliokulia pale leo ni walimu na wauguzi katika jamii yao. Lakini wale walikuwa wamekimbia nchi. Mtoto wa Humla kijiji chake kipo, na sheria ya watoto ya Nepal ya 2018 inataka makao yawe kimbilio la mwisho, baada ya ndugu na familia za kulea.

Basi waandikie hao waliokutumia picha. Uliza wazazi wametafutwa na nani na lini, na cheti cha kuzaliwa kimetoka kata gani. Uliza kama mtoto huenda kwao sikukuu ya Dashain, sikukuu kubwa ya Wahindu, Septemba au Oktoba. Nauli ya ndege mpaka Simikot, mji wa Humla, si ndogo, na makao yanayoilipa yana nia. Muhimu kuliko yote: akirudi kwao, mchango wako utamfuata akasome kule kule? Wakikwepa hilo, usitume. Wakikubali, ahidi mpaka amalize darasa la 12 na kozi ya ufundi, usiishie 18. Na ile safari unayoifikiria, ya kwenda kujitolea wiki mbili kwenye makao hayo, iache. Watoto wanakuzoea, kisha unaondoka, na kesho anakuja mwingine.

Wakikujibu nitumie barua yao, na nakala ya cheti cha kuzaliwa ikiwapo, tuipitie pamoja kabla hujalipa.

Wasalaam,
Rafiki yako