Ruzuku ya ulinzi wa viwanja vya ndege ifike hadi mwaloni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme neno kuhusu fedha ambazo serikali hutenga kuimarisha ulinzi wa viwanja vya ndege, hasa hiki chetu cha Mwanza na vingine vinavyolizunguka Ziwa Victoria: sehemu yake ifike hadi mwaloni, yaani ufukweni wavuvi wanakoegesha mitumbwi.

Kila fedha hizo zikitajwa, tunasikia habari za mashine za ukaguzi na kamera. Ni kweli vinahitajika. ICAO, shirika la Umoja wa Mataifa linalosimamia usafiri wa anga, lilipitisha viwango vya ulinzi mwaka 1974 katika Kiambatisho cha 17 cha Mkataba wa Chicago, na Tanzania inawajibika kuvifuata. Mkoa unaoishi kwa sangara na utalii hauwezi kulichukulia hilo kirahisi.

Lakini mashine hununuliwa mara moja, kuitunza ni kazi ya miaka. Katika kiwanja kimoja kidogo cha kanda hii nimeikuta mashine imezimwa na kufunikwa turubai. Mabegi yanapekuliwa kwa mkono, foleni imetoka hadi nje kwenye jua, na boksi la sato lenye barafu linadondosha maji mezani huku mwenyewe akiamriwa afungue utepe wa gundi alioufunga nyumbani. Mkaguzi alikuwa binti mmoja tu, na kuchoka kwake kulionekana usoni. Ruzuku isiyohesabu vipuri, fundi wa karibu na mafunzo ya wakaguzi haijaongeza ulinzi wowote.

Sisi abiria nasi tunachangia, maana ada ya usalama imo ndani ya tiketi. Tuna haki ya kujua inakokwenda. Marekani, abiria hulipa dola 5.60 kwa kila safari ya upande mmoja kwa ajili ya ulinzi wa anga, lakini sheria ya mwaka 2013 iliruhusu sehemu ya makusanyo hayo ipelekwe kupunguza nakisi ya bajeti. Kama huko inawezekana, hapa tusilale. Mamlaka ya Viwanja vya Ndege itangaze, kiwanja kwa kiwanja, kilichopokelewa na kilichonunuliwa.

Jambo linaloniuma zaidi ni hili la ziwa. Uzio unalinda upande wa nchi kavu. Upande wa maji wanaoona kila kinachopita ni wavuvi: wanajua mtumbwi wa nani umetoka Igombe usiku, upi mgeni, na taa ipi imekaa mahali isipopaswa kuwa. Novemba 6, 2022, ndege ya Precision Air ilipoanguka ziwani ikikaribia kutua Bukoba, waliowahi kufika kwa mitumbwi walikuwa wavuvi. Kati ya watu 43 waliokuwemo, 19 walifariki. Wavuvi wale waliingia majini bila mafunzo na bila vifaa vya uokoaji. Taifa liliwashukuru, na walistahili. Lakini shukrani haimpi mvuvi boya la kuokolea wala namba ya kupiga usiku wa manane.

Kwa hiyo napendekeza sehemu ya ruzuku itengwe kwa ajili ya BMU, yaani vikundi vya wavuvi vinavyosimamia mialo, zilizo jirani na viwanja: mazoezi ya uokoaji ya kila mwaka pamoja na zimamoto na polisi wa majini, maboya, redio za mawasiliano, na posho ya mafuta ya boti. Ni gharama ndogo ukilinganisha na mashine moja ya ukaguzi. Na mvuvi atakayetoa taarifa asigeuzwe mtuhumiwa, kwani akisumbuliwa mara moja hatarudi kusema tena.

Wabunge wetu wa Mwanza na Kagera, bajeti ya Wizara ya Uchukuzi itakapofika mezani, naomba mwulize swali moja: kwenye fungu la ulinzi wa viwanja vya ndege, mwaloni kumetengwa shilingi ngapi?

Mkazi wa Pasiansi,
Ilemela, Mwanza