Mwanangu, kuhusu wale baba wawili

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeusoma. Unasema baba anayekaa meza moja na watu wa upande uliomuulia mtoto amemsaliti marehemu. Sikukujibu palepale kwa sababu tangu tumzike dada yako, habari za baba na mtoto aliyekufa siziwezi kwa haraka.

Hao baba wawili uliowaona wakiitana ndugu, Mwisraeli na Mpalestina, nawafahamu kwa habari zao. Rami Elhanan, Mwisraeli, alimpoteza bintiye Smadar tarehe 4 Septemba 1997, washambuliaji wa kujitoa mhanga walipojilipua mtaa wa Ben Yehuda, Jerusalem. Binti alikuwa na miaka 13. Bassam Aramin ni Mpalestina, alikaa miaka 7 katika jela za Israeli tangu ujanani. Januari 2007 bintiye Abir, miaka 10, alipigwa risasi ya mpira kichwani nje ya shule yake huko Anata, karibu na Jerusalem, na polisi wa mpakani wa Israeli, akafariki. Hakuna aliyeshtakiwa.

Wengi hudhani misiba ndiyo iliyowakutanisha. Hapana, walikuwa wanajuana tayari, kupitia kundi la waliokuwa wapiganaji wa pande zote mbili lililoanzishwa 2005. Kwa hiyo Abir alipokuwa hospitalini, Rami alikuwepo, naye ameshapita njia hiyo miaka 10 kabla. Hebu fikiria. Mimi msibani waliokuja na maneno matamu ndio walionichosha. Aliyenifaa ni jirani aliyewahi kumzika wa kwake, aliyekaa tu pembeni yangu hadi usiku.

Bassam angekata urafiki siku ile, nani angemlaumu? Badala yake alijiunga na Parents Circle, chama cha wafiwa wa pande zote mbili, kilichoanzishwa 1995 na baba Mwisraeli aliyeuliwa mwanawe na Hamas. Na wala hakunyamaza, maana hapo ndipo unapokosea. Aliipeleka serikali ya Israeli mahakamani, na mwaka 2010 mahakama ikaona inawajibika kwa kifo cha Abir. Rami naye anaupinga waziwazi utawala wa kijeshi wa nchi yake juu ya Wapalestina, na wapo Waisraeli wanaomwita msaliti, neno lilelile ulilolitumia wewe.

Rami husimulia kwamba mara ya kwanza alipoalikwa kwenye chama alisimama kando, hana imani na lolote. Wakashuka wafiwa wa Kipalestina kwenye basi, mmoja wao mama aliyevaa nguo nyeusi ndefu, picha ya mtoto kifuani. Nilipofika hapo katika kusoma nilisimama kidogo. Unakumbuka mama yako na ile picha ya dada yako kwenye pochi, jinsi kingo zilivyochakaa kwa kutolewa na kurudishwa.

Sasa huyo mwenzako wa chumbani mnayebishana naye usiku kucha juu ya vita hii. Sikuambii umkubalie, mbishie tu, hoja unazo. Lakini uliandika, tena kwa mstari mmoja ukapita, kwamba binamu yake ameuawa huko, na sikuona popote kwamba ulimpa pole. Mpe kwanza. Ubishi utawangoja.

Jumapili nitakupigia, uniambie binamu mwenyewe alikuwa mtu wa namna gani.

Baba yako