Barua ya Kufunga Muhula kwa Wazazi na Walezi

Assalaam alaykum.

Muhula umekwisha salama. Ripoti watakuja nazo watoto wenyewe, na ambaye mwanawe amerudi nyuma nimemwandikia humo humo, hapa sitayarudia.

Nina jambo jengine. Darasa la Tano kwenye Jiografia walisoma habari za Chinguetti, kijiji cha jangwani huko Adrar, Mauritania. Mwanzo walicheka: watu wanaishije pasipo bahari? Kisha wakatulia. Huko mvua ni adimu, mitende ndiyo shamba, na mchanga unaosukumwa na upepo umeshafukia baadhi ya nyumba za kale. Mahujaji walikuwa wakikusanyika hapo na ngamia wao kuianza safari ya Makka. Msikiti wa zamani ni wa mawe, na juu ya mnara wake yamewekwa mayai ya mbuni. Hayo mayai ndiyo yaliyowashika watoto kuliko yote. Mmoja akauliza mbona msikiti wetu wa Kizimkazi Dimbani, hapa Unguja, wenye maandishi ya mwaka 500 Hijria (1107), hauna hata moja.

Lakini kilichokifanya kijiji kile kijulikane ni vitabu. Vya dini, nyota, hesabu, vyote vimeandikwa kwa mkono, vimewekwa na familia majumbani, baba kwa mwana. Mwaka 1996 UNESCO iliiingiza Chinguetti, pamoja na miji mingine ya kale ya huko, Ouadane, Tichitt na Oualata, kwenye urithi wa dunia, miaka minne kabla ya Mji Mkongwe wetu.

Hewa kavu imewasaidia. Sisi tuna unyevu wa bahari na mchwa, tena tuna mikono yetu. Naona haya kusema: nilipokuwa mdogo karatasi za babu ziliwashiwa jiko, na aliyetumwa kuzileta ni mimi.

Kwa hivyo nawaombeni, likizo hii mnapofagia chumba cha ndani, fungueni makasha. Mkikuta kitabu au barua ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, msikianike juani, msikifute kwa kitambaa maji, wala msikigandishe kwa gundi. Mwambieni mtoto, mwalimu atakuja kukitazama hapo hapo nyumbani. Kitu kitabaki chenu. Anayetaka ushauri zaidi, Nyaraka za Taifa wapo Kilimani.

Siku ya kufungua skuli imo kwenye ripoti. Watoto warudi na madaftari yao ya muhula huu, bado yana kurasa.

Wenu,
Mwalimu Mkuu