Serikalini kwanza, kanisani baadaye

Mwanangu,

Marahaba. Tangu tusome barua yako kwamba huko Münster mtafunga ndoa serikalini kwanza, ndipo kanisani, mama yako amenuna. "Mtoto wangu aanzie bomani kama asiye na dini?" Nimemwambia ndio utaratibu wa Ujerumani. Huku padri akishafungisha ndoa anakujazieni na cheti cha serikali, basi, yameisha. Ndiyo maana hata wewe umeshangaa.

Kisa chake kinapita hapohapo Münster. Mwaka 1875 askofu wa mji huo, Johann Bernhard Brinkmann, alitiwa jela. Hakuiba wala hakuua mtu. Kansela Bismarck alikuwa ameunganisha Ujerumani mwaka 1871, na aliwaona Wakatoliki kama watu wenye wafalme wawili, hasa baada ya Mtaguso wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu, kutangaza mwaka 1870 kwamba Papa hakosei anapotamka rasmi mambo ya imani. Wajesuiti, shirika la kitawa la Kikatoliki, wakafukuzwa mwaka 1872. Mwaka uliofuata zikaja Sheria za Mei za waziri Falk: padri asome chuo kikuu cha Ujerumani, afanye mtihani wa serikali, na askofu asimpe parokia kabla ya kuiarifu serikali, ambayo ilikuwa na haki ya kumkataa. Hebu fikiri, ofisa wa serikali kuamua nani awe paroko!

Maaskofu wakagoma. Wakatozwa faini, hawakulipa, samani zao zikapigwa mnada. Ledóchowski, askofu mkuu wa Posen, alifungwa mwaka 1874, na Papa Pius IX akamtangaza kardinali akiwa bado gerezani. Hapo huwa nacheka kila nikisoma. Brinkmann alipotoka jela alikimbilia Uholanzi, akarudi mwaka 1884 tu. Waumini nao wakajibu kwa kura: chama chao, Zentrum, kilipata viti 91 bungeni mwaka 1874.

Sheria ya kufunga ndoa serikalini ilipita katikati ya ugomvi huohuo, Prusia, sehemu kubwa ya Ujerumani, mwaka 1874, kisha dola nzima mwaka 1875. Mama yako asinisikie, lakini hiyo simlaumu Bismarck. Mkatoliki na Mprotestanti waliopendana, au mtu aliyeacha dini, wangeandikishwa na nani? Kuwapangia maaskofu mapadri ulikuwa ubabe, na Bismarck mwenyewe aliulegeza alipopatana na Papa Leo XIII, mwaka 1886 na 1887. Ndoa ya serikali ikabaki. Hadi mwisho wa mwaka 2008 sheria ilimkataza padri kufungisha ndoa kabla ya ile ya serikali. Siku hizi haimkatazi, ila ndoa ya kanisani peke yake serikali haiitambui.

Cheti chako cha kuzaliwa nakituma pamoja na cha ubatizo. Usichanganye, kila kimoja kina ofisi yake.

Jana mama yako kaniuliza kama siku ya bomani utavaa shela. Nimemjibu shela ni ya kanisani. Akanyamaza kidogo, kisha akaanza kutafuta kitenge.

Baba yako