Wanafunzi wa Arusha wapelekwe kwanza Momella

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumze na walimu wenzangu wa jiografia na historia mkoani Arusha. Shule nyingi hukusanya michango ya wazazi, zikakodi basi na kuondoka alfajiri kwenda Ngorongoro, ambako wanafunzi humaliza sehemu kubwa ya siku wakiwa barabarani. Hifadhi ya Taifa ya Arusha, ambayo kwa sisi wa Usa River haifiki hata mwendo wa saa moja, tunaipita kana kwamba haina la kufundisha. Naona tunakosea sana.

Mwezi uliopita niliwasindikiza wanafunzi wa kidato cha pili. Tuliposimama kati ya maziwa ya Momella, ndani ya hifadhi hiyo, msichana mmoja aliuliza kwa nini ziwa hili lina rangi ya kijani na la jirani yake lina rangi nyingine kabisa, ilhali mvua inayoyanyeshea ni ileile. Nilimjibu kwamba maji ya maziwa hayo hutoka zaidi chini ya ardhi, yana magadi, na kila ziwa huotesha mwani wa aina yake. Kisha nikamgeuza autazame mlima. Kwa mtu wa Arusha mjini Meru ni mlima mzima, lakini ukiwa Momella unauona umebomoka upande wote wa mashariki kama chungu kilichovunjika ukingo, na ndani yake kimesimama kilima cha majivu chini ya ukuta mrefu wa mwamba. Maelfu ya miaka iliyopita ubavu ule uliporomoka, tope na mawe yakatiririka hadi huku chini, na mashimo yaliyobaki katikati ya kifusi yakajaa maji. Wanafunzi walinyamaza, wakaanza kuvitazama vilima vidogo tulivyokuwa tumesimama juu yake.

Mvulana mmoja wa Ngare Nanyuki akataka kujua kama mlima huohuo ndio uliowatia watu wa kwao meno ya kahawia. Ndio. Miamba ya volkano huyapa maji ya huku floridi nyingi, na mtoto anayeyanywa wakati meno ya utu uzima yanajengeka hubaki na alama hiyo. Nimefundisha miaka mingi, na swali hilo sikuwahi kuulizwa nikiwa mbele ya ubao.

Historia nayo iko palepale. Hifadhi ilianzishwa mwaka 1960 ikiitwa Kreta ya Ngurdoto, yaani shimo kubwa la volkano, na mwaka 1967, mlima ulipoongezwa, ikapata jina la Arusha. Jirani yake ni Ngare Nanyuki, ambako mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwahamisha Wameru kwa nguvu ili ardhi yao wapewe walowezi, na nyumba zao zikachomwa moto. Mwaka uliofuata Kirilo Japhet alifika Umoja wa Mataifa, New York, akawasilisha malalamiko ya watu wake mbele ya Baraza la Udhamini, chombo cha Umoja huo kilichosimamia nchi zilizo chini ya udhamini kama Tanganyika. Mtoto anayesoma habari za kudai uhuru anastahili kuiona ardhi hiyo kwa macho yake.

Wenzangu husema kwamba huku hakuna simba. Ni kweli, lakini kuna mbega weusi wenye mkia mweupe wa manyoya tele, wanaoruka mti hadi mti bila kuwa na kidole gumba. Kuna twiga wanaokula migunga kando ya barabara, na heroe wanaochuja chakula majini. Kutoka ukingo wa Ngurdoto, ambako wageni hawaruhusiwi kushuka, nyati walio chini huonekana kama nukta.

Nawaomba maofisa elimu wa halmashauri zetu waifanye Momella kuwa ziara ya kwanza, na Ngorongoro ifuate wanafunzi wakishaelewa kreta ni nini. Msafara ufike asubuhi na mapema, kwa sababu mara nyingi ikikaribia saa sita mawingu huwa yameshaufunika mlima, na ubavu ulioporomoka hauonekani tena.

Mwalimu mstaafu,
Usa River, Arusha