Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2025: Cheti Ukutani, Fomu Sokoni

Ndugu wanachama, wakuu wa shule, manaibu, wahasibu, makatibu na mametroni mliotoka Busia, Tororo, Malaba na Mbale, hapa kwetu mashariki mwa Uganda, poleni na safari. Walioloa njiani, chai iko nyuma ya ukumbi. Nendeni mkanywe, sitawaandika watoro.

Katiba ya chama chetu inanidai taarifa ya kazi zake kwa mwaka mzima. Ya kawaida nayapita haraka. Tulikutana kila muhula kama tulivyopanga, isipokuwa mkutano wa muhula wa pili tuliousogeza wiki moja kwa ajili ya msiba wa mwenzetu. Ada za uanachama zinaingia kwa kusuasua. Mweka hazina atasimama baada yangu, na mwenye deni anajijua. Muda uliobaki nitautumia kwa jambo tulilokubaliana mwanzoni mwa mwaka kulibeba: taarifa binafsi za wanafunzi wetu. Nimelitumia neno hilo kwa kuwaazima jirani zetu wa Tanzania, maana sheria yao ya mwaka 2022 inaitwa hivyo. Wakenya husema data ya kibinafsi. Sisi wa hapa tunachanganya yote mawili na tunaelewana.

Nianze na kosa langu. Muhula wa kwanza nilimtuma kijana aninunulie karanga stendi. Zilikuja zimefungwa kwenye karatasi, na nilipozimaliza nikaikunjua, kwa ile tabia ya walimu ya kutoweza kuitupa karatasi kabla ya kuisoma. Ilikuwa fomu ya kujiunga na shule yetu. Nembo juu, jina la mtoto, jina la mama, namba ya simu, kijiji, na chini kabisa, mahali pa "ugonjwa wa kudumu", jina la dawa anazomeza kila jioni. Mtu yeyote aliyewahi kumuuguza mgonjwa katika nchi hii akisoma jina la dawa ile ameshaelewa. Mtoto mwenyewe alimaliza zamani, leo ni mtu mzima.

Nilirudi shuleni nikauliza. Mtunza stoo hakuwa ameiba kitu. Aliuza magunia ya karatasi kuukuu kwa kilo, kwa kibali maalumu, na kibali kile kilikuwa na sahihi yangu. Wakati nakitia sahihi, cheti chetu cha usajili kutoka Ofisi ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ofisi ya serikali inayosimamia mambo haya, kilikuwa kinaning'inia nyuma ya kiti changu, kwenye fremu. Niliwasimulia kamati habari hii mwezi uleule, na wenzangu wawili wakakiri kwamba magunia yao nao yaliuzwa. Kazi yetu ya mwaka ilianzia hapo.

Kwa wanachama wapya, nieleze sheria inasemaje. Ibara ya 27 ya Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inalinda faragha ya kila mtu. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ilisainiwa na Rais Februari 2019, na kanuni zake zikatoka 2021. Kila taasisi inayokusanya taarifa za watu inatakiwa kujisajili, na usajili huo huhuishwa kila baada ya miezi 12. Taarifa za mtoto hazikusanywi bila idhini ya mzazi au mlezi, isipokuwa pale sheria yenyewe inapolazimisha. Habari za afya, za fedha na za dini zimewekwa daraja la pekee lenye ulinzi mkali zaidi. Anayetoa taarifa za mtu kinyume cha sheria anaweza kutozwa faini inayokaribia shilingi milioni tano, au kufungwa hadi miaka 10, au vyote viwili. Likiwa kosa la kampuni, mahakama inaweza kuitoza hadi asilimia 2 ya mapato yake ya mwaka.

Mwenzetu mmoja alisema kwenye mkutano wa kwanza kwamba hii ni sheria ya Kampala, ya mabenki na makampuni ya simu. Julai mwaka huu Ofisi hiyo iliamua kwamba hata Google ilikosea kwa kutojisajili, ikaipa siku 30 ijisajili. Tangu siku hiyo mwenzetu hajarudia maneno yake, ingawa nami nakubali kwamba hakuna mkaguzi aliyewahi kutubishia hodi huku kwetu.

Wale wenye wazazi kutoka ng'ambo ya mpaka wana sababu nyingine ya kukaa macho. Septemba 2023 mamlaka ya Kenya ya ulinzi wa data iliitoza shule moja ya Uthiru, Nairobi, shilingi za Kenya 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Mzazi wa Busia ya upande wa pili anaijua habari hiyo. Akiiona picha ya binti yake kwenye bango letu, anajua pa kuanzia kuuliza.

Sasa mabango. Hapa ndipo tulipogombana kweli, na sitaficha. Matokeo ya PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, yakitoka, mji mzima unajaa turubai: jina la mtoto, picha yake, agrigeti 4 ambayo ndiyo bora kuliko zote, jina la shule kwa herufi kubwa kuliko la mtoto. Wenzetu wa shule za kulipia walisimama wakasema, na walisema kweli, kwamba bango hilo ndilo linalowaletea wanafunzi wa mwaka unaofuata. Ukilishusha wewe, jirani atalipandisha la kwake. Wengine wakauliza kosa la sifa njema ni lipi. Mimi nina swali dogo tu: mtoto wa 19 kwenye orodha iliyobandikwa getini, aliyepata divisheni ya nne, naye anasifiwa?

Tulichokubaliana ni nusu ya nilichotaka. Kupeleka jina, tarehe ya kuzaliwa na picha ya mtahiniwa kwa UNEB, baraza la mitihani la taifa, au kumwingiza mtoto kwenye EMIS, mfumo wa kumbukumbu wa Wizara ya Elimu, apate LIN, namba yake ya utambulisho, ni wajibu tuliopewa na serikali. Hapo tunamwarifu mzazi tu. Bango ni biashara yetu wenyewe, kwa hiyo linahitaji idhini ya maandishi, na idhini hiyo iombwe peke yake. Isichomekwe katikati ya fomu ya kujiunga kati ya godoro na jembe. Mzazi akikataa, mtoto asinyimwe nafasi. Orodha ya matokeo yote getini tumeiacha: kila mtoto achukue karatasi yake kwa mwalimu wa darasa. Shule tatu bado zinabandika. Nimezungumza nazo, nitazungumza nazo tena.

Kuhusu idhini, niongeze neno. Fomu zetu nyingi ni za Kiingereza. Nimemwona bibi aliyemleta mjukuu wake S.1, yaani kidato cha kwanza, akiweka dole gumba kwenye kurasa tatu ambazo hakuna aliyemsomea. Sheria inataka mtu aelezwe, kabla ya kutoa taarifa, zinachukuliwa kwa kazi gani na atazipata nani. Dole gumba lile halikuwa limeelezwa kitu. Kamati imeandika ukurasa mmoja wa Kiswahili, na wanachama wa Tororo wanautafsiri kwa Dhopadhola na Ateso. Wa Lumasaba unasubiri mtu wa kujitolea; watu wa Mbale, nawatazama ninyi.

Orodha ya wadaiwa karo ndiyo iliyotuletea malalamiko mengi kuliko yote. Zamani ilisomwa paredi. Siku hizi mwalimu anaipiga picha kutoka meza ya mhasibu na kuituma kwenye kundi la WhatsApp la wazazi wa darasa, majina na madeni, saa nne usiku. Baba mmoja alikuja kwangu akisema deni analikubali, lakini shemeji zake ndio waliompigia simu kumwuliza ameshindwaje na shilingi laki mbili. Hali ya fedha ya mtu ni ile ile niliyosema imewekwa daraja la pekee. Tumekataza: anayedaiwa aandikiwe au apigiwe simu mwenyewe. Mhasibu mmoja ananiambia karo imekusanyika vizuri zaidi tangu aache kutangaza, kwa sababu wazazi wanapokea simu zake sasa. Siwezi kuwaahidi kwamba itakuwa hivyo kwa wote.

Na hayo makundi yenyewe ni ya nani? Mwalimu akihamia shule nyingine anaondoka na simu yake, namba zote za wazazi, picha za rejista na alama za miaka mitatu. Hatujapata dawa kamili. Shule zinazoweza zimenunua simu moja ya ofisi kwa kila ngazi, na kundi linaendeshwa kwa laini ya shule. Zisizoweza, mwalimu anakabidhi uongozi wa kundi na kufuta vitu mbele ya naibu, siku ileile anayokabidhi chaki na vitabu. Ni ulinzi dhaifu, nakiri.

Mametroni walitufundisha kuliko semina yoyote. Tulikuwa na daftari la zahanati lililokaa mezani wazi: jina, tatizo, dawa. Mtoto anayekuja na kichwa kinachouma anasoma habari za bweni zima akisubiri panadoli. Msichana aliyepimwa ujauzito siku ya kufungua shule, jibu lake limo mle, na linafika bwenini kabla yeye hajafika. Sasa kila mtoto ana kadi yake, kadi zinakaa kwenye sanduku lenye kufuli, na funguo ni mbili. Wanaomeza dawa kila siku wanazipata kwa metroni faraghani, wala hawapangi foleni yao pekee yao saa mbili usiku, foleni ambayo shule nzima ilikuwa inajua maana yake. Hakuna kompyuta hapo, hakuna gharama ila ya kufuli, na kwa maoni yangu ndiyo kazi kubwa kuliko zote tulizofanya mwaka huu.

Kompyuta nazo zina yake. Umeme ukikatika wiki ya ripoti, karani anapanda boda boda na flashi kwenda duka la steshenari mjini, anachapisha ripoti za darasa zima, anarudi. Faili limebaki kwenye kompyuta ya duka. Tumeagiza karani asilinakili faili kwenye kompyuta ya duka. Alichapishe kutoka kwenye flashi, akimaliza ahakikishe hakuna kilichobaki. Nenosiri la mhasibu likiwa ni jina la shule na mwaka ilioanzishwa, hilo si siri, limeandikwa getini.

Wauzaji wa programu za shule wametutembelea karibu kila mwezi. Wengi ni vijana wazuri. Lakini anayetunza taarifa kwa niaba yako ni lazima mwe na mkataba wa maandishi unaomfunga azilinde, na taarifa zikienda kwenye seva nje ya Uganda, nchi hiyo iwe na ulinzi wa kutosha au mwenye taarifa awe ameridhia. Ulizeni hayo kabla ya kuuliza bei. Desemba 2024 huko Marekani, programu ya PowerSchool, inayotumiwa na shule nyingi mno, iliingiliwa kwa nenosiri moja lililoibwa. Kampuni ikawalipa wezi hao ili taarifa zifutwe. Miezi michache baadaye wahalifu wakaanza kuzidai pesa shule zenyewe, moja moja, kwa taarifa zilezile. Nasi tukiibiwa, sheria inataka Ofisi iarifiwe mara moja, na Ofisi ndiyo inayoamua kama wazazi waarifiwe. Usimalize wiki ukitafuta aliyekosea kwanza.

Yaliyoshindikana. Tulikusudia kila shule iwe na mtu mmoja aliyepewa jukumu hili kwa barua. Nyingi zimemtaja mwalimu wa kompyuta bila kumwambia. Taarifa ya mwaka ya malalamiko na uvujaji, inayotakiwa kufika Ofisini ndani ya siku 90 baada ya mwaka wa fedha kwisha, sisi wengi hatukuituma. Yangu ilichelewa. Semina ya makatibu haikufanyika kwa kukosa fedha, jambo linalotuunganisha tena na ada zile.

Nimalizie kwenye magunia. Sheria haituruhusu kuweka taarifa kwa muda mrefu kuliko zinavyohitajika, na inapofika siku ya kuziharibu, inataka ziharibiwe kwa namna ambayo hakuna atakayeweza kuziunga tena zikasomeka. Karatasi ya kufungia karanga inasomeka vizuri sana. Kamati inapendekeza, na nitaomba mpige kura kabla ya chakula, kwamba shule yoyote mwanachama isiuze karatasi yenye jina la mwanafunzi; zichomwe mwisho wa kila mwaka mbele ya mashahidi wawili, mmoja kutoka PTA, umoja wa wazazi na walimu, na daftari litiwe sahihi. Mwenzetu wa Malaba anataka badala yake tununue mashine ya kukatia karatasi na kuizungusha shule hadi shule. Atapewa dakika tano. Fomu za Kiswahili ziko kwa katibu, mlangoni. Chukueni nakala moja kila shule, mkatoe fotokopi wenyewe, na msiiache ya kwanza kwenye mashine.