Kubadili injini ya kutafutia pekee hakumlindi mtoto

Mhariri,

Kila likizo ya shule inapokaribia, ujumbe uleule huanza kuzunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya wazazi: toa Google kwenye simu, weka injini nyingine ya kutafutia kama DuckDuckGo au Ecosia, mtoto atakuwa salama. Nia ni njema, ila ushauri wenyewe umechanganya mambo matatu: kumkinga mtoto na picha chafu, kuwanyima makampuni ya matangazo taarifa zako, na kuchangia jambo jema. Hakuna injini inayoyafanya yote matatu vizuri, na hilo la mtoto, kwa kweli, si la kuachiwa injini.

DuckDuckGo haikuundwa kwa ajili ya watoto. Kichujio chake cha kuzuia picha na tovuti chafu huja kikiwa katika kiwango cha kati, na mtu yeyote anaweza kukizima kwa kugusa mara mbili. Hata ukikipandisha hadi kiwango kikali, mpangilio huo hukaa kwenye vidakuzi (cookies), yaani kumbukumbu ndogo zinazotunzwa na kivinjari. Siku ukifuta vidakuzi ili kupata nafasi, umerudi ulikoanzia. Anayetaka kichujio kisichozimika aweke safe.duckduckgo.com kuwa ukurasa wa mwanzo. Kiddle, injini ya watoto inayopatikana kiddle.co, inafaa kwa mtoto mdogo anayesoma Kiingereza: majibu ya juu huchaguliwa na wahariri na picha zake ni kubwa. Lakini si mali ya Google, ingawa rangi zake zinafanana, na inajiendesha kwa matangazo. Kuzuia kwake kunategemea sana orodha ya maneno, na kichujio cha maneno hakishiki lisilokuwemo. Tusi la Kiswahili cha mtaani linaweza kupita, huku mwanafunzi anayesoma mfumo wa uzazi akizuiwa kwenye somo lake mwenyewe. Na mtoto asiyeridhika na Kiddle ataandika google.com tu, basi.

Ndiyo maana kizuizi kinapaswa kukaa chini ya injini zote, yaani kwenye DNS, huduma inayogeuza jina la tovuti kuwa anwani ya namba kabla ukurasa haujafunguka. Simu yenye Android 9 au zaidi haihitaji programu ya ziada wala malipo. Fungua Mipangilio, ingia sehemu ya mtandao na intaneti, tafuta palipoandikwa Private DNS (kwa Samsung pamefichwa ndani ya mipangilio zaidi ya miunganisho), chagua chaguo la tatu, kisha andika family-filter-dns.cleanbrowsing.org, yaani DNS ya CleanBrowsing yenye kichujio cha familia, na uhifadhi. Ni vistari vya kawaida na nukta, bila nafasi na bila https mbele; hapo ndipo wengi hukosea. Kuanzia hapo tovuti za ngono hazifunguki, na Google, Bing (injini ya Microsoft) na YouTube hulazimishwa kubaki katika hali salama hata kama mtoto anajua pa kuizimia. Kuhakikisha, fungua google.com/safesearch: utaona mpangilio umefungwa kwa kufuli.

Kasoro zake zijulikane mapema. Ukiandika jina hilo vibaya, au ukiunganisha Wi-Fi ya hoteli inayotaka uingie kwanza kupitia ukurasa wao, simu itasema haipati seva ya DNS na intaneti yote itakatika, WhatsApp ikiwemo. Watu wengi hudhani bando limeisha. Rudisha chaguo la pili kwa muda, ingia kwenye Wi-Fi, kisha washa tena. Jambo jingine, Chrome ina DNS yake kwenye sehemu ya faragha na usalama. Mtu akichagua mtoa huduma mwingine hapo, kichujio chako kinarukwa. VPN, programu inayopitisha intaneti yako kwenye seva nyingine, hukiruka vilevile. Reddit, mtandao wa mijadala, nayo itafungwa, kwa kuwa imechanganya mazuri na mabaya. Na DNS haioni kilichomo ndani ya programu: picha iliyotumwa WhatsApp au Telegram itafika kama kawaida.

Mwenye ruta (kifaa kinachogawa Wi-Fi) nyumbani au shuleni anaweza kuweka 185.228.168.168 na 185.228.169.168 kwenye sehemu ya DNS ya ruta, na vifaa vinavyopokea mipangilio kutoka hapo vikapata kinga. Ila mtoto akizima Wi-Fi na kutumia bando la simu, kinga hiyo haimfuati. Kwa simu, weka kwenye simu yenyewe.

Faragha sasa. Hapa DuckDuckGo, iliyoanza 2008, inastahili sifa: haiweki kumbukumbu ya ulichotafuta wewe, na tangazo linalotokea linatokana na neno uliloandika muda huo, si na historia yako ya miezi sita. Sehemu kubwa ya majibu yake hutoka Bing. Startpage, injini ya Uholanzi, hukuletea majibu ya Google bila Google kujua ni nani aliyeuliza, na kwa maswali ya Kiswahili naona inafaa zaidi, maana Bing bado iko nyuma kwa lugha yetu.

Lakini kubadilisha injini ndani ya Chrome huku umeingia kwa akaunti ya Google na usawazishaji (sync) wa historia umewashwa ni kufunga mlango na kuacha dirisha wazi. Anwani ya ukurasa wa majibu hubeba neno ulilotafuta, na anwani hiyo huhifadhiwa kwenye historia ya akaunti. Zima usawazishaji wa historia au tumia Firefox. Kile kisanduku cha kutafutia kilichopo kwenye uso wa simu nacho ni cha Google, hakijali ulichobadili ndani ya Chrome, kiondoe. Na hali fiche (Incognito) huficha historia kwa anayeshika simu yako tu. Tovuti na mtandao wa simu bado vinakuona. Asiyetaka kuhama Google aende myactivity.google.com na kuweka ufutaji wa kila miezi 3.

Kuhusu jambo jema, Ecosia ya Berlin haidanganyi. Ilianza 2009, hutoa taarifa za fedha kila mwezi, na tangu 2018 umiliki wake umefungwa kisheria ili isiuzwe wala faida isichukuliwe na mtu. Miti yake imepandwa hata Tanzania, Kenya na Uganda. Ila fedha hutoka kwenye matangazo yanayobofywa, kwa hiyo mwenye kizuia matangazo hapandi kitu, na kumwekea mtoto ili abofye matangazo ni jambo ambalo mzazi asingelitaka. Ili kupata majibu, hutuma swali lako kwa Microsoft au Google, hivyo kwa faragha iko chini ya DuckDuckGo. Muhimu zaidi, iweke kupitia mipangilio ya kivinjari. Kuna viongezi (extensions) vya kivinjari cha kompyuta vinavyojiita vya hisani ambavyo kazi yake ni kuteka utafutaji wako. Kikitaka ruhusa ya kusoma na kubadilisha data kwenye tovuti zote, kikatae.

Mwisho, ombi kwa wauza simu na mafundi wanaowafungulia wateja akaunti. Mnaweka mwaka wowote wa kuzaliwa unaowajia ili kazi iishe haraka. Google huwasha utafutaji salama yenyewe kwa akaunti ya aliye chini ya miaka 18, na Family Link, programu ya Google ya mzazi kusimamia simu ya mtoto, hutegemea umri huohuo ulioandikishwa. Simu ya mtoto wa miaka 11 iliyoandikishwa kwa mtu wa 1990 inakosa vyote viwili, na mzazi hajui. Muulizeni tarehe halisi, na nenosiri aliandike mwenyewe.

Fundi wa mitandao ya kompyuta,
Morogoro